Nilihamia pwani kwa sababu ya boti, huu mwaka wa sita. Mnaofikiria kuhama, someni hapa kwanza

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Kila baada ya siku chache kuna mtu ananiandikia pembeni swali lilelile: "Nimechoka na bara, nataka nihamie sehemu ya pwani yenye maji mazuri ya boti, unanishauri nini?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo naandika kwa urefu, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nimezaliwa na kukulia bara, mbali kabisa na bahari. Boti nilijifunza nikiwa mtu mzima. Sijajuta kuhama, nalisema hilo mapema. Ila nilihama vibaya, na nawafahamu watu watatu waliohama kwa mtindo wangu wakarudi walikotoka kabla ya mwaka wa tatu, boti wameuza kwa hasara. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshindwa na mawimbi. Walishindwa na mambo ambayo siku ya kwenda kutazama nyumba hayaonekani.

Siku ya kutazama nyumba huwa ni siku ya mapumziko, jua limetoka, upepo umetulia, maji yamejaa. Mimi nilionyeshwa nyumba iliyo kando ya hori (mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu), nyuma yake gati dogo la mbao. Nikasimama juu ya lile gati, nikaona maji yanang'aa chini ya mbao, kina cha kutosha, moyo ukasema nimefika. Wiki ya kwanza baada ya kuhamia nikatoka asubuhi nikakuta boti imelala ubavu kwenye tope. Rafadha (panga la mashine linalosukuma boti) imezama nusu matopeni, kaa wanapita chini ya tumbo la boti kama kwao, na maji yenyewe yako mbali, karibu mita mia mbili. Nimepwelewa, tena mlangoni kwangu. Ndipo nikaja kujua kwamba siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) gati langu lina maji ya kuelea boti kwa saa tano hivi tangu yanapoanza kutosha mpaka yanapokimbia.

Kwa wasiozoea: pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo saa ya maji kujaa inasogea karibu dakika 50 kila siku. Kama Jumamosi hii ulitoka na boti saa 2 asubuhi maji yamejaa pomoni, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo utakuta yanapwa au yameshapwa. Mtu wa ajira, mwenye siku mbili tu kwa wiki, alielewe hili kabla ya jambo lingine lolote. Mwezi ndio utakaokupangia ratiba.

Tena maji hayaondoki kwa mwendo mmoja. Wanamaji wana kanuni ya kumi na mbili: gawa tofauti ya kujaa na kupwa katika mafungu 12. Saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 4, basi mita 2 nzima zinaondoka ndani ya saa mbili za katikati. Ukichelewa nusu saa hapo, unalala nje.

Na pwani hazifanani. Kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti inafika mita 16 hivi. Sehemu nyingi za Mediterania haifiki hata nusu mita. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya nyumba, tafuta jedwali la maji ya mahali hapo. Kisha nenda siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, maji yakiwa yamepwa kabisa, usimame utazame.

Kwenye siku zako za kwenda majini, toa na siku za upepo. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo wake: upepo wa maili za bahari 20 kwa saa unasukuma mara nne ya ule wa 10. Mgeni anasikia "umeongezeka kidogo" anatoka, akifika mlangoni mwa hori ndipo anaelewa. Ukitoa siku za upepo, ukatoa siku ambazo maji hayakubali, ukatoa siku ambazo fundi hajaja, zinazobaki ni chache kuliko ulizopiga hesabu ukiwa bara.

Sasa chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na upepo unaibeba mpaka sebuleni. Nilifunga bawaba za milango ya nje kwa skrubu za kawaida, nzuri, zinang'aa. Haikufika miezi minne, kila kichwa cha skrubu kikawa kimeshusha mchirizi wa kahawia juu ya rangi nyeupe, mistari sita imenyooka kuelekea kizingiti. Fundi alipokuja akaniuliza chuma hiki ni namba ngapi. Sikujua kwamba hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu kina madaraja. Namba 304 inatosha ndani ya nyumba. Pwani unatafuta 316, iliyoongezwa molibdeni ili ihimili chumvi, na hata hiyo inataka kuoshwa kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) mara kwa mara.

Chini ya boti ndiko kwenye kazi. Metali mbili tofauti zikiungana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa kama betri, na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana tunafunga vipande vya zinki, viliwe vyenyewe, rafadha na shafti visalimike. Mara ya kwanza nilipoipandisha boti nchi kavu nilikikuta kipande changu, kilichokuwa kinene kama sabuni mpya, kimebaki kama jani lililopitiwa na viwavi. Nilikivunja kwa vidole viwili. Mwezi mmoja zaidi na zamu ingekuwa ya rafadha. Kikifika nusu badilisha, usikihurumie.

Mwaka wa kwanza niliweka daftari. Ukurasa wa kushoto saa nilizokuwa majini, wa kulia saa nilizoitumikia boti: kukwangua magamba, kupaka rangi ya chini, kuisuuza mashine kwa maji baridi kila nikirudi, kukausha ngama (maji yanayokusanyika ndani chini ya boti), kumsubiri fundi. Mwisho wa mwaka kushoto 61, kulia 140. Niliitazama ile 140 muda mrefu. Halafu nikajiuliza kwa dhati kama nilizichukia saa zile, na jibu likawa hapana. Zilikuwa saa zangu bora za wiki: asubuhi, kikwaruzo mkononi, redio inaongea taratibu, mtu anapita anasimama tunazungumza. Wale watatu walioondoka walizichukia. Walipenda kuendesha tu. Mimi nadhani swali lote la kuhama au kutohama liko kwenye ule ukurasa wa kulia, na hakuna anayeweza kukujibia.

Karibuni.

#2

Mkuu asante sana, umenigusa. Nina miaka 58, nastaafu karibuni, ndoto yangu ni hiyohiyo. Nina maswali mawili. Kwanza, mke wangu haogelei na maji anayaogopa, ila anasema "ukienda nitakwenda". Pili, tumeona nyumba mbili. Moja iko ufukweni kabisa, ina kisima chake na sehemu ya kufungia boti. Nyingine iko kilomita 3 ndani, kwenye mwinuko, nafuu zaidi, ila boti itabidi ikae kwenye boya la wengine. Boti bado sina. Moyo wangu uko kwenye ya kwanza.

#3

Mleta uzi umesema kweli tupu, lakini umeegemea upande mmoja. Mimi nimezaliwa pwani, na sipendi wageni waje wakiwa na hofu kama wanavyokuja wengine na jeuri.

Hujawaambia kuhusu usiku usio na mwezi, unapochovya kasia na maji yanawaka rangi ya samawati, ukinyanyua mkono matone yanawaka mpaka yanapogusa maji tena. Ni viumbe vidogo vya baharini vinavyotoa mwanga vikisumbuliwa. Nimeviona tangu nikiwa mtoto na hadi leo nazima taa nivitazame.

Hujawaambia pia kuhusu watu. Usiku mmoja wa upepo mkali kamba yangu ya omo (mbele ya boti) ilikatika. Mimi nimelala, sina habari. Asubuhi nikakimbia gatini nikiwa najua boti imekwenda. Nikaikuta imefungwa kwenye gati la jirani, kwa kamba zake mwenyewe, maboya ya kukinga ameyaweka pande zote mbili ili isikwaruzike. Alitoka saa nane za usiku kuifanya kazi ile, na hakunigongea kwa sababu aliona hakuna haja ya kuniamsha. Bara nimeishi pia, miaka minne. Majirani wazuri wapo huko, lakini bahari inawafanya watu wategemeane kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Leo unamvuta mwenzako mashine imezima, kesho anakuvuta wewe.

Kosa la wageni wengi ni kuanza na chombo kikubwa. Boti ya mita tano, mashine ndogo ya nyuma unayoweza kuinyanyua mwenyewe, unaipandisha kwenye trela unaondoka nayo. Ukurasa wako wa kulia ungekuwa mfupi mno. Boti isiyolala majini haioti magamba, na haina haja ya ile rangi ya chini yenye sumu ya kuzuia magamba. Hiyo rangi nayo muichunge. Ile ya zamani yenye mchanganyiko wa bati iliwaharibu chaza na konokono wa baharini vibaya hadi ikapigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kufanya kazi 2008. Siku hizi ni ya shaba, lakini unga wake ukikwangua usiuache ukaingia majini. Tandika turubai, kusanya.

#4

Naomba nimjibu kaka wa #2, kwa sababu hata mimi nilimwambia mume wangu "ukienda nitakwenda". Nilisema maneno hayohayo.

Kaka yangu, hilo jibu si ndiyo. Ni upendo, lakini usilichukue kama ridhaa ya kuishi huko.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nakaa dirishani. Mume wangu akitoka na boti nilikuwa nahesabu, akichelewa dakika ishirini tumbo linanikata. Halafu msimu wa watu ukaisha. Hili mleta uzi hakuligusa, nami naona ndilo zito kuliko chumvi. Njia yetu ina nyumba 14. Usiku, nje ya msimu, taa zilikuwa zinawaka kwenye nyumba 4. Wengine wote ni watu wa likizo. Duka la karibu lilikuwa linafunga miezi mitatu. Hospitali yenye daktari wa moyo ilikuwa saa moja na nusu kwa gari, na mume wangu alikuwa na presha. Hatukuliuliza lolote kati ya hayo kabla ya kusaini.

Kilichonibadilisha ni kwamba niliamua kujifunza. Nilianza na kuogelea, nikiwa na miaka 51, pamoja na watoto wa miaka saba, na mwalimu alinishika mgongo wiki mbili kabla sijaweza kuelea peke yangu. Kisha redio: chaneli 16 ni ya dharura na kuitana, "Mayday" ukiisema mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo, shida yenu, watu wangapi. Kisha nikajifunza kuirudisha boti gatini peke yangu. Mwaka wa tatu mume wangu aliteleza tukiwa nje, bega likachomoka. Alikuwa amekaa sakafuni, uso umekuwa wa kijivu, hawezi kushika usukani. Nilimvalisha vizuri jaketi lake la kujiokolea, nikaita redioni, nikageuza omo, nikaturudisha. Tangu siku ile pwani ni kwangu pia.

Na jaketi livaliwe, lisikae chini ya kiti. Ripoti za walinzi wa pwani wa Marekani zinarudia jambo moja mwaka hadi mwaka: wengi wanaokufa kwenye ajali za boti za starehe wanazama, na katika wanaozama, zaidi ya 8 kati ya 10 hawakuwa wamevaa jaketi. Mtu anayejua kuogelea akianguka na kugonga kichwa haogelei.

Mwulize mkeo swali lingine: "Siku mimi sipo, ungependa kuendelea kuishi hapa?" Akusikilize, naye umsikilize.

#5

Naunga mkono #4 asilimia zote. Mleta uzi, swali la kisima na nyumba ya ufukweni hujalijibu. Na bima je? Mimi niliambiwa nimekatiwa bima ya nyumba "kamili", maji yalipoingia ndani nikaambiwa mafuriko hayamo. Nilikuwa nimesaini bila kusoma ukurasa wa nyuma. Niliondoa mazulia kwa mikono yangu, nikalipia kila kitu.

#1 Mleta uzi

Dada wa #4, nimesoma ujumbe wako mara mbili, na mke wangu nimempa asome. Asante sana. Umesema jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo.

#3, nakubali kuhusu chombo kidogo. Ningeanza upya, ningeanza na cha kwenye trela, kisha miaka miwili baadaye ndiyo nifikirie kingine.

Sasa #2. Mkuu, chukua ile nyumba ya kilomita 3 ndani. Najua moyo uko kwingine, wangu pia ulikuwa huko. Sababu zangu ni hizi.

Kisima. Chini ya ardhi ya pwani maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa kanuni ya makadirio, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba chini yake mita 40 hivi za maji baridi. Hesabu hiyo geuza: ukivuta hadi usawa wa maji baridi ushuke mita 1, mpaka wa chumvi unapanda kwa muda hadi mita 40. Ndiyo maana kisima cha ufukweni kinaweza kuwa kitamu miaka kumi, kisha jirani wanne wanachimba vyao na wote mnaanza kunywa chumvi. Ikishaingia, kuiondoa ni kazi ya miaka. Kabla hujanunua, maji yapimwe mwisho wa kiangazi, wakati kisima kimevutwa sana, siyo baada ya mvua.

Bahari yenyewe. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 hivi, na kasi inaongezeka: kati ya 2006 na 2018 ilikuwa karibu milimita 3.7 kwa mwaka. Mtu anasikia milimita anaona ni ndogo. Lakini ile siku ya bamvua ikikutana na dhoruba inayosukuma maji nchi kavu, kila sentimita inahesabika. Kimbunga Katrina mwaka 2005 kilisukuma bahari zaidi ya mita 8 juu ya kawaida kwenye sehemu za pwani ya Mississippi. Sisemi yatakupata hayo. Nasema nyumba iliyo kwenye mwinuko inakuruhusu ulale usiku wa dhoruba ukiwaza boti peke yake. Boti inanunulika tena.

Bima. Pole sana #5, na mnaosoma msilipuuze. Mafuriko mara nyingi ni mkataba wake, tofauti na wa nyumba, na huwezi kukata siku unapoona mawingu. Marekani, kwa mfano, bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Ya boti nayo uliza inasemaje boti ikiwa kwenye boya wakati wa dhoruba iliyotangazwa. Nyingine zinakutaka uwe umeitoa majini.

Kuhusu boya la wengine: ni zuri kuliko unavyodhani. Boya kwenye kina halikuachi topeni kama gati langu. Kagua mnyororo wa chini kila mwaka, pale unapogusa mchanga, maana hapo ndipo pingili zinasagika zikawa nyembamba. Jirani wa #3 hatakuwepo kila usiku.

#2

Wakuu wote, asanteni. Dada wa #4, swali lako nilimwuliza mke wangu jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hapendi kujibu jambo ambalo hajaliona. Tumekubaliana hivi: hatuuzi chochote. Tunapanga nyumba miezi minne, ile miezi ambayo watu wa likizo hawapo. Boti nitaomba kwenda kama msaidizi kwenye za watu, nikwangue, nioshe, nishike kamba. Na mke wangu ameanza kuuliza mwalimu wa kuogelea mwenyewe, bila mimi kumwambia.

Mleta uzi, siku ya kwanza nikifika nianze na nini?

#1 Mleta uzi

Mkuu, umenifurahisha sana, wewe na shemeji.

Siku ya kwanza tafuta jedwali la maji, uone ni saa ngapi yanapwa kabisa. Vaa buti ndefu za mpira. Nenda kwenye gati unalotaka kulitumia, subiri hadi maji yasimame, kisha tembea kutoka mwisho wa gati mpaka unapokutana na maji. Fimbo iwe mkononi, tope lingine ni refu. Usikawie huko, yakianza kurudi geuka. Hesabu hatua.

Uje uniandikie hapa ni ngapi.